Mali Bila Daftari: Historia ya Mbwa wa Saint Bernard na Somo Lake kwa Mnunuzi wa Leo

Utangulizi

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia vyombo vya baharini au watu waliofanikiwa maishani. Katika insha hii nitaitumia kwa kiumbe ambaye wengi wetu hatumfikirii kuwa na historia, yaani mbwa. Mbwa wa Saint Bernard ni miongoni mwa mbwa wakubwa kuliko wote duniani. Dume huweza kufikia urefu wa sentimita 90 begani na uzito wa kilo 80, ambao ni uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Anayemwona leo, na manyoya yake marefu mekundu na meupe, hudhani kwamba ndivyo Mungu alivyomuumba. Sivyo. Ukubwa wake, kichwa chake na hata urefu wa manyoya yake ni matokeo ya maamuzi ya watu, na mengi ya maamuzi hayo yana tarehe.

Nilivutiwa na mada hii kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya nyumbani. Mjomba wangu, ambaye amejenga nyumba pembezoni mwa Kampala, aliona picha ya mbwa huyu akampenda, akaniomba nimtafutie mfugaji wa kuaminika. Sababu ya pili ni ya kitaaluma. Sisi wanafunzi wa historia tunasoma sana vita, wafalme na mikataba ya kikoloni, lakini ni nadra kujiuliza historia ya vitu na viumbe tunavyonunua kwa fedha zetu. Nilipoanza kumtafuta mfugaji niligundua kwamba maswali ambayo mnunuzi anapaswa kuyauliza leo yaliulizwa zamani huko Uswisi, na kwamba majibu yake yalipatikana kwa gharama.

Hoja yangu ni kwamba mfugaji na manyoya ni habari moja. Manyoya ya mbwa yanatuonyesha alichaguliwa kwa ajili ya kazi gani na mahali gani. Daftari la mfugaji linatuonyesha nani aliyemchagua na kwa nini. Anayenunua mbwa bila kuuliza mambo hayo mawili ananunua picha, na gharama ya picha hiyo italipwa na mbwa mwenyewe.

Mbwa wa kazi mlimani

Njia ya Great Saint Bernard inapita katika milima ya Alps, kati ya mji wa Martigny ulioko Uswisi na mji wa Aosta ulioko Italia. Sehemu yake ya juu kabisa iko mita 2,469 kutoka usawa wa bahari, yaani takriban mara mbili ya mahali ilipo Kampala. Tangu enzi za Warumi watu walipita huko wakienda na kurudi Italia: wafanyabiashara, wanajeshi, na mahujaji waliokwenda Roma. Wengi walikufa njiani kwa baridi, kwa ukungu uliowapoteza, au kwa kufukiwa na maporomoko ya theluji.

Katika karne ya 11 kasisi mmoja wa Aosta aliyeitwa Bernard, ambaye baadaye alitangazwa kuwa mtakatifu, alianzisha pale juu nyumba ya kuwapokea wasafiri. Nyumba hiyo ilihudumiwa na watawa, na ipo hadi leo. Mbwa wakubwa walianza kufugwa hapo katikati ya karne ya 17. Ushahidi wa kwanza tulio nao ni wa michoro ya mwaka 1695, na wa maandishi ni maelezo mafupi ya mwaka 1707 katika kumbukumbu za nyumba hiyo. Kwa mwanafunzi wa historia jambo hili lina uzito wake. Nyumba iliishi miaka mipata mia sita bila mbwa hao kutajwa, kwa hiyo wale wanaosema kwamba mtakatifu mwenyewe ndiye aliyewafuga wanasimulia ngano.

Mbwa hao wa kwanza walitoka wapi? Walitoka mabondeni, katika mashamba ya wakulima, ambako mbwa wakubwa wa kulinda nyumba na mifugo walikuwa wengi. Hawakuwa na jina la pekee wala hati. Kazi yao ya kwanza ilikuwa ulinzi. Baadaye watawa na watumishi wao, waliokuwa wakiwasindikiza wasafiri, waliona kwamba mbwa ana vipawa ambavyo mtu hana. Alijua njia hata ilipofunikwa kabisa. Kifua chake kipana kilipasua theluji laini na kuwaachia watu mfereji wa kupita. Zaidi ya yote, pua yake ilimtambua mtu aliyefukiwa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 2,000 waliokolewa katika kipindi cha miaka mia mbili hivi.

Mashuhuri kuliko wote ni Barry, aliyezaliwa mwaka 1800. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, Napoleon Bonaparte aliwapitisha makumi ya maelfu ya askari wake katika njia hiyo akielekea Italia, na askari hao walizisambaza habari za mbwa wa watawa kila walikokwenda. Inasimuliwa kwamba Barry aliokoa watu zaidi ya 40. Alipozeeka alipelekwa katika mji wa Bern, akafa huko mwaka 1814, na mwili wake ukahifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Kuna hadithi kwamba aliuawa na mtu wa 41 aliyetaka kumwokoa, akidhani ni mbwa mwitu. Hadithi hiyo inasikitisha, lakini haiwezi kuwa kweli, kwa kuwa Barry alimalizia uzee wake Bern. Vivyo hivyo kile kipipa cha pombe shingoni, tunachokiona katika kila katuni, kilienezwa na mchoraji Mwingereza Edwin Landseer katika picha yake ya mwaka 1820.

Nataka msomaji akumbuke jambo moja kuhusu Barry. Uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya kilo 40 na 45 tu, na manyoya yake yalikuwa mafupi. Mbwa aliyeipa jamii yake sifa duniani alikuwa na karibu nusu ya uzito wa mbwa anayeuzwa leo kwa sifa hizohizo.

Manyoya marefu yalikotoka

Mbwa wa mlimani alikuwa na manyoya ya tabaka mbili, na sharti tuelewe kazi ya kila tabaka. Tabaka la ndani ni laini na zito kama pamba. Linashika hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisipotee. Tabaka la nje ni gumu kiasi, limelala, na lina mafuta kidogo, kwa hiyo theluji na maji huteleza bila kufika ndani. Tabaka la nje likiwa fupi, mbwa hujikung'uta mara moja na theluji yote huanguka.

Katika miaka ya 1816 hadi 1818 kulikuwa na majira ya baridi makali sana, na inaelezwa kwamba mbwa wengi wa watawa waliangamia wakiwa kazini. Waliobaki walikuwa wachache, na kupandisha ndugu kwa ndugu kulianza kuwadhoofisha. Ndipo, karibu na mwaka 1830, walipochanganywa na mbwa wa Newfoundland, mbwa mkubwa wa wavuvi wa pwani ya Kanada ambaye ana nguvu, tabia ya upole, na manyoya marefu. Nia ilikuwa njema: kuongeza damu mpya na nguvu. Pengine hata sisi tungefanya hivyohivyo.

Lakini pamoja na nguvu yalikuja manyoya. Baadhi ya watoto waliozaliwa walikuwa na manyoya marefu, na pale mlimani jambo hilo lilikuwa hasara. Theluji ilishika kwenye nywele ndefu za miguuni na tumboni, ikayeyuka kidogo kwa joto la mwili, kisha ikaganda tena kuwa madonge ya barafu. Mbwa akawa anatembea na mzigo ambao hawezi kuutua. Ajabu ni kwamba mnyama aliyeongezewa nywele katika nchi ya baridi alizidi kuteseka kwa baridi.

Watawa walifanya nini? Waliwabakiza mbwa wenye manyoya mafupi kwa ajili ya kazi, na wale wenye manyoya marefu wakawagawa au kuwauza kwa watu wa mabondeni. Hapo ndipo historia ilipogeuka. Watu wa mabondeni, na baadaye matajiri wa Uingereza na kwingineko, waliwapenda zaidi wale wenye manyoya marefu kwa sababu walipendeza machoni. Mbwa aliyekataliwa na wenye kazi akawa ndiye kipenzi cha wanunuzi. Hadi leo vigezo rasmi vinatambua aina mbili za Saint Bernard, ya manyoya mafupi na ya manyoya marefu, lakini mtu wa kawaida akisikia jina hilo humfikiria yule wa pili.

Mimi ni mzaliwa wa Ankole, na sikuweza kuisoma habari hii bila kuwafikiria ng'ombe wa kwetu. Mfugaji wa Ankole humtaja ng'ombe kwa rangi na umbo la pembe. Yule mwekundu wa kukoza huitwa bihogo, na mzee anayewajua ng'ombe wake hukutajia mama wa bihogo huyo na bibi yake bila kutazama karatasi yoyote. Siku hizi wengi wamewachanganya na ng'ombe wa Friesian ili wapate maziwa mengi. Maziwa yamepatikana kweli. Pamoja na maziwa limekuja hitaji la dawa za kupe, majani mengi na maji ya kutosha, kwa kuwa Friesian hawezi kuvumilia anayoyavumilia ng'ombe wa pembe ndefu. Sisemi kwamba kuchanganya ni kosa. Ninasema kwamba kila damu mpya huja na masharti yake, na mwenye busara huyauliza masharti hayo kabla ya kuipokea.

Daftari la Schumacher

Kufikia katikati ya karne ya 19 sifa za mbwa wa mlimani zilikuwa zimefika mbali, na mahitaji yalikuwa makubwa. Mahitaji yakiwa makubwa, udanganyifu haukosi. Mbwa yeyote mkubwa mwenye mabaka mekundu na meupe angeweza kuuzwa kwa jina la mbwa wa watawa, na mnunuzi wa mbali asingekuwa na njia ya kuhakikisha. Hata jina lenyewe lilikuwa halijatulia, kwani wengine walimwita mbwa wa Barry na wengine mbwa wa Alps.

Mtu aliyeliona tatizo hilo na kulishughulikia ni Heinrich Schumacher, wa Holligen karibu na Bern. Mwaka 1867 alikuwa wa kwanza kutoa hati za nasaba kwa mbwa wake: huyu baba yake ni fulani, mama yake ni fulani. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilibadilisha maana ya kuwa mfugaji. Kabla yake mfugaji alikuwa mtu mwenye mbwa wa kuuza. Baada yake, mfugaji alikuwa mtu anayewajibika kwa maandishi. Mbwa akiugua ugonjwa wa ukoo, hati ilionyesha umetokea upande gani. Mbwa wawili wakiwa ndugu wa karibu mno, hati ilizuia wasipandishwe. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani Schumacher angeikubali methali hiyo.

Alichokianza mtu mmoja kilikuja kuwa cha taifa. Mwezi wa Februari 1884 kitabu cha nasaba za mbwa cha Uswisi kilifunguliwa. Mbwa wa kwanza kuandikwa alikuwa Saint Bernard aliyeitwa Léon, na wote 28 waliomfuata walikuwa Saint Bernard vilevile. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo chama cha wafugaji wa Saint Bernard kiliundwa katika mji wa Basel. Hatimaye, tarehe 2 Juni 1887, mkutano wa kimataifa uliofanyika Zürich ulimtambua mbwa huyu rasmi kuwa wa Uswisi, na vigezo vyake vikatangazwa kuwa vya lazima. Waingereza, ambao walikuwa wakifuga mbwa wakubwa na wazito zaidi, waliendelea kuwa na mtazamo wao.

Hata hivyo, haki inanidai nitaje upande wa pili. Daftari ni chombo, na chombo hufuata mkono wa anayekitumia. Vigezo vya 1887 vilieleza kichwa kipana na paji lililosimama, nao majaji wa maonyesho wakawapa ushindi mbwa waliozidisha sifa hizo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walitoa matokeo ya kupima mafuvu 47 ya Saint Bernard yaliyokusanywa katika kipindi cha miaka 120 hivi. Waligundua kwamba sifa zilizotajwa katika vigezo zilikuwa zimeongezeka kizazi baada ya kizazi: fuvu limepanuka, na pembe kati ya pua na paji imekuwa kali zaidi. Kwa hiyo daftari lililoanzishwa ili kuilinda nasaba lilitumika pia kuligeuza umbo, kidogokidogo, bila kelele.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko katika makumbusho ya Bern. Mwaka 1923 mwili wa Barry, uliokuwa umechakaa, ulitengenezwa upya. Mafundi walikibadilisha kichwa chake kwa makusudi, wakakipa umbo linalokaribia la Saint Bernard wa wakati wao. Badala ya kuwauliza wafugaji kwa nini mbwa wao hawafanani na Barry, Barry ndiye aliyefananishwa na mbwa wao. Wanahistoria tunaonywa kila siku kwamba kila kizazi huandika upya yaliyopita kwa sura yake. Sijapata mfano wa onyo hilo unaoweza kushikwa kwa mkono zaidi ya huu.

Kumtafuta mfugaji leo

Sasa nirudi kwa swali la mjomba. Alinionyesha katika simu yake picha za watoto wa mbwa wanaouzwa na mtu mmoja wa mjini. Nilimwomba mjomba amuulize muuzaji mambo matatu: mama yao yuko wapi, amewahi kupimwa nyonga, na jina la baba yao limeandikwa wapi. Muuzaji alijibu kwamba mama yuko nchi nyingine, na kwamba karatasi zitafuata. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, mbwa si ng'ombe, mambo ya mama yake ya nini?" Nikamjibu, "Mjomba, wewe mwenyewe usingenunua ndama bila kumwona mama yake." Alicheka, lakini fedha hakuituma.

Kutokana na historia niliyoieleza, na kutokana na yale ambayo madaktari wa mifugo wanayaeleza kuhusu mbwa wakubwa, naona mfugaji mwema anatambulikana kwa mambo yafuatayo.

Kwanza, anakuonyesha mama. Mtoto wa mbwa wa wiki nane hakuambii atakuwa na tabia gani akifika kilo 70, lakini mama yake anakuambia. Mama mwoga au mkali ni onyo, kwani mbwa mkubwa hivyo asiyedhibitika ni hatari kwa watoto wa nyumbani na kwa majirani.

Pili, ana majibu ya vipimo. Mbwa wakubwa huzaliwa na uwezekano mkubwa wa nyonga na viwiko vilivyounganika vibaya, na jambo hilo huonekana kwa eksirei. Nyonga hupimwa kikamilifu mbwa anapofikisha miaka miwili hivi. Basi mfugaji anayempandisha jike wa mwaka mmoja anauza asichokijua. Saint Bernard pia husumbuliwa na kope zinazojikunja ndani au kulegea nje, na magonjwa ya moyo. Mengi ya hayo hurithiwa, ndiyo maana daftari lina thamani kuliko picha.

Tatu, hati zake zinathibitika kwa wengine. Katika ukanda wetu kipo chama cha East Africa Kennel Club chenye makao Nairobi, ambacho huandikisha mbwa wenye nasaba. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama namba iliyoandikwa katika hati ni ya kweli.

Nne, mfugaji naye anakuuliza maswali. Una uwanja? Una kivuli? Nani atabaki nyumbani mchana? Mwenye kuuza bila kuuliza chochote ni mchuuzi. Mfugaji wa kweli hukuambia pia ukweli usiopendeza, kwamba mbwa huyu huishi miaka 8 hadi 10 tu, kwamba tumbo lake huweza kujaa hewa na kujizungusha na kumuua kwa saa chache asipofikishwa kwa daktari, na kwamba hakuumbwa kwa kufungwa mnyororo. Mbwa aliyezoea kuishi kati ya watawa na wasafiri huharibika akili akitengwa. Akishindikana kwako, mfugaji wa namna hii humpokea tena.

Mfano mzuri wa kuendeleza nasaba kwa uwajibikaji uko palepale ilikoanzia. Kazi ya uokoaji ilipochukuliwa na helikopta na mbwa wepesi zaidi, watawa waliona kwamba hawawezi tena kuwahudumia mbwa wengi mwaka mzima. Mwaka 2005 ufugaji ulikabidhiwa kwa mfuko maalumu wenye jina la Barry, huko Martigny. Mbwa bado hupelekwa mlimani wakati wa kiangazi, na kwa desturi daima yupo mmoja anayeitwa Barry.

Kuyatunza manyoya

Mjomba aliuliza pia kama manyoya hayo yanaweza kunyolewa, kwa kuwa kwetu hakuna theluji. Ni swali la busara, na watu wengi hulijibu haraka kwa kuchukua mashine ya kinyozi. Jibu linatokana na zile tabaka mbili nilizozieleza. Hewa inayoshikwa na tabaka la ndani hupunguza kasi ya joto kutoka nje kuifikia ngozi, na tabaka la nje huikinga ngozi isichomwe na jua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili hasa kwa kuhema, na kidogo kwa nyayo. Ukimnyoa hadi ngozini hujamsaidia kuhema, ila umemwondolea kivuli chake. Isitoshe, manyoya ya tabaka mbili yakishanyolewa huweza kuota tena vibaya, ya ndani yakitangulia na ya nje yakisuasua.

Kinachomsaidia ni kuyatoa manyoya yaliyokufa. Tabaka la ndani hupukutika, na lisipotolewa hukwama na kuwa kama blanketi lililolowa, hewa isipite. Kwa hiyo mbwa mwenye manyoya marefu achanwe angalau mara mbili au tatu kwa wiki, na kila siku wakati wa kupukutika. Anayechana juujuu hajachana. Yafaa kuyagawa manyoya kwa mkono sehemu kwa sehemu hadi ngozi ionekane, kisha kupitisha chanuo la meno mapana kuanzia ngozini, na kumalizia kwa brashi. Sehemu zinazosahaulika ni nyuma ya masikio, makwapani, kati ya mapaja na chini ya mkia. Huko ndiko manyoya husokotana yakawa fundo, ngozi ikalowa chini yake, na kidonda kikaanza bila mtu kukiona. Fundo lililokaza likatwe kwa uangalifu au lifunguliwe kwa vidole, lisivutwe.

Kuoga si kila wiki, kwani sabuni huondoa mafuta ya tabaka la nje. Akiogeshwa, kazi kubwa ni kumkausha hadi ndani. Katika hali yetu ya mvua nyingi na unyevu, mbwa aliyekaushwa nusu hupata ukurutu wa ngozi kwa siku moja au mbili. Udenda unaomtoka mdomoni hulowesha kifua na shingo, kwa hiyo mahali hapo pafutwe kila siku. Na kwetu sisi kuna sababu moja ambayo watawa wa Alps hawakuwa nayo: kupe. Katika manyoya marefu kupe hujificha vizuri mno, na kuchana hadi ngozini ndiyo njia ya kumpata kabla hajaambukiza ugonjwa.

Hata mwenye kuyafanya hayo yote atambue kwamba mbwa huyu anahitaji kivuli, maji safi muda wote, na kutembezwa alfajiri au jioni tu. Kwa mnunuzi wa Kampala anayesisitiza kumpata, yule wa manyoya mafupi ana unafuu katika kuchanwa na kukaushwa, ingawa joto linamsumbua yeye pia. Kwa anayetaka mlinzi wa ua, wako mbwa wengi wasio na mzigo huo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya mbwa wa Saint Bernard ni historia ya kuchagua. Wakulima wa mabondeni walichagua mbwa wa kulinda mashamba, watawa wakachagua mwenye pua na kifua, na wanunuzi wakachagua nywele. Majaji nao walichagua kichwa, hadi maiti ya Barry ikabadilishwa ili ilingane na chaguo lao. Kila uchaguzi ulikuwa na gharama, na mara nyingi aliyeilipa hakuwa aliyechagua.

Watawa walikuwa na kanuni moja ambayo bado inatufaa: manyoya yafuate mahali na kazi. Kwa kanuni hiyo waliwatoa mbwa waliopendeza macho wakabaki na wale waliofaa. Schumacher akaongeza ya pili, kwamba anayeamua mbwa gani azaliwe aandike alichoamua, ili wengine waje kumhoji. Kanuni hizi hazihitaji theluji. Zinamhusu mfugaji wa mbwa wa Nairobi na wa Kampala, na kwa maoni yangu zinamhusu pia mfugaji wa ng'ombe wa Ankole ambaye leo anachanganya damu bila kuandika popote. Wazee waliokuwa wakizihifadhi nasaba vichwani wanapungua, na mzee anapoondoka huondoka na ukoo mzima wa bihogo. Sisi tuliosomeshwa kusoma na kuandika tuna kazi ya kwenda kuwasikiliza tukiwa na daftari mkononi.